Kitenge Kilichokazwa Tumboni

Siku moja bado inanijia waziwazi, mwanangu, ingawa mambo yake yote yalinichanganya. Nilipiga chafya katikati ya wimbo, kanisani Nyabiondo, na mkojo ukanishuka mapajani. Nilikuwa na digrii ya chuo kikuu na mtoto wa pili mchanga mgongoni. Niliendelea kuimba. Ningefanya nini?

Mume wangu nilimwonea haya, nikamwambia mama mkwe. Kwetu mwanamke akijifungua hufungwa tumbo kwa kitenge, lisibaki limelegea. Mama mkwe akashika fundo.

"Mama Aline, unafunga sawa mutu anaogopa. Vuta! Tumbo ikilegea, kila kitu inashuka."

Nikavuta. Mkojo ukazidi. Nikadhani sijavuta vya kutosha, nikavuta tena, hata kupumua kukawa kazi. Duka la dawa likaniambia ni mikrobi, vijidudu kwenye mkojo, likaniuzia vidonge, bure. Nikaacha kunywa maji. Mkojo haukukoma, ukazidi harufu tu. Kisha jirani akanong'ona neno fistula, lile tundu la uzazi linalovujisha mkojo, na hapo nikaogopa kweli. Nilimjua mwanamke aliyerudishwa kwao kwa sababu hiyo. Nikaanza kumtazama mume wangu kama mtu ninayemuaga.

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki, akapanda nyuma yangu, tukaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, akapima mkojo: hakuna mikrobi.

"Kohoa, mama."

Nikakohoa kidogo, kwa adabu.

"Hapana, kohoa sawa uko kwako. Hapa njo kazi yetu, usisikie haya."

Nikakohoa, nikamlowesha mkono. Akafurahi! Sikuelewa cha kufurahisha ni nini. Kisha akanijaza kibofu maji ya buluu, akaniwekea pamba ukeni, akanituma nitembee uani. Pamba ikatoka bila buluu. Hakuna tundu, akasema, si fistula. Ni misuli ya chini inayobeba kibofu, uzazi umeilegeza, ndiyo maana mkojo unatoka ukikohoa.

"Na hii kitenge? Inasukuma kila kitu chini. Fungua."

Nikamtazama mama mkwe. Naye akanitazama, utadhani mimi ndiye niliyeianzisha desturi hiyo. Nikafungua, na daktari akaendelea:

"Sasa bana, sawa mutu anazuia upepo kanisani."

Nikabana matako, nikabana meno, nikabana hadi nyusi.

"Mama, wewe unasukuma!"

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha uso wake ukakaza. Alikuwa akijaribu kubana.

"Dokta," akasema polepole, "mimi pia. Tangu mutoto wa kwanza. Na kuko kitu inashuka."

Mtoto huyo wa kwanza ni mume wangu, na siku hiyo alikuwa ameshaota mvi.

Mwanangu, mkojo ukikuponyoka, usijikaze kitenge, usiache maji, wala usijipe ugonjwa kwa minong'ono. Nenda upimwe. Matatizo haya yanafanana kwa nje, lakini dawa zake ni mbalimbali: mimi nilipewa mazoezi, mama mkwe akapewa kipete kinachowekwa ukeni kushikilia kizazi kisishuke, mwingine hupasuliwa. Kuvuja kwangu kulipungua baada ya miezi ya kubana, na hata leo sina hakika kwamba nabana mahali penyewe. Ila usiende peke yako. Mchukue mwanamke mzee wa nyumbani, na ukifika muulize yeye kwanza anaendeleaje.

Mungu akupe kucheka kwa nguvu zote, akupe na mtu wa kumwambia mapema.