Trela la Miwa

Hadi leo nikipita Awendo, mji wa kiwanda cha sukari nilikokulia, harufu ya molasi ikinipiga puani, mkono hujiendea kifuani wenyewe.

Nilikuwa mtoto mwenye mbio kuliko wote mtaani. Trela la miwa likipita, tulilikimbilia na kuchomoa miwa kwa nyuma, nami sikuwahi kukosa. Kisha nikapata mafua, yale ya kawaida tu. Yalipoisha, kupanda ngazi ya mlangoni kukanihemesha, na moyo ukawa unagonga kama mdai.

"Mafua yameshuka hadi moyoni, misuli imevimba," daktari alimwambia mama. "Ni nadra, lakini humpata hata mtoto mwenye afya. Asikimbie mpaka nimruhusu."

Majirani wakanong'ona kuwa ni chira, kwamba nyumba yetu imevunja mwiko. Mama akawajibu, "Ni mafua. Anayeijua hiyo chira akaitafutie dawa kwake."

Nikakaa kizingitini wiki nyingi, nikitazama wenzangu wakitafuna. Siku moja nikasikia trekta inakuja. Nikainuka, nikatembea polepole kama bibi harusi, nikasimama katikati ya barabara. Dereva akafunga breki, akafoka, "We mtoto wa nani, unataka kufa?"

"Nataka muwa. Daktari amenikataza kukimbia, hakunikataza kusimama."

Akanitazama. Akashuka, akanichomolea mmoja mrefu kuliko mimi.

Niliuburuta hadi nyumbani, moyo ukigonga njia nzima. Nikauambia: wewe gonga tu. Hatukimbii, lakini hatumpishi mtu.