Majina ya Kashuga

Wakati ule wa vita nilikubali kazi kwa sababu ya njaa, na njaa haiulizi nani analipa. Ilikuwa anketi: kuzunguka kambi ya wakimbizi ya Kashuga nikiuliza watu pari za mpira, yaani kamari ya mechi, zimewafanyia nini nyumbani. Aliyeilipia ni tajiri mwenye nyumba za pari zenyewe. Ndiyo, yeye mwenyewe! Nikajidanganya kwamba ukweli ni ukweli, alipe nani asilipe nani.

Fishi, zile karatasi za kujaza majibu, zilitakiwa ziwe bila majina. Lakini kambini ukionekana na kalamu na karatasi, watu wanajua ni liste ya kugawiwa chakula. Nilieleza mpaka koo likakauka. Mama mmoja, aliyekimbia kutoka Nyabiondo, alikataa kufungua mdomo kabla sijamwandika. Nikamwandika kwenye fishi, jina na namba ya hema, kisha wengine wote. Hapo njo yule mama akasema: wanaume wanauza maharagwe ya msaada ili wacheze, na askari wa barieri, kile kizuizi cha barabarani, wanalinda nyumba ya pari na kula faida pamoja na tajiri.

Nilipopeleka ripoti, tajiri aliisoma polepole. Mlangoni walikaa wawili wenye bunduki, walewale wa barieri. Alinimiminia chai, akasema yeye njo alilipa, kwa hiyo fishi ni zake, nimletee kesho. Niliogopa, siwafichi. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa yule mama na jina lake.

Nikazichoma fishi jikoni, moja moja, huku nikisikiliza kila pikipiki inayopita. Kesho yake nikamwambia mvua imezilowesha. Alinitazama sana, kisha akacheka.

“Basi, kama fishi haiko, hakuna muntu alisema kitu. Andika vile.”

Nikaandika kwamba pari hazina shida yoyote kwa wakimbizi, nikasaini. Mkono uliandika vizuri kabisa, na hilo linanichukiza mpaka leo.

Siku chache baadaye nilikuwa barierini, nikingoja askari wamalize kusoma kitambulisho changu, yule mama akanikuta na mzigo wake wa kuni. Akauliza liste yao ya chakula itatoka lini. Nikanong'ona kwamba imepotea, nikimkonyeza anyamaze.

“Basi, kaka, uniandike tena,” akasema.

Akatua kuni, na pale mbele ya wale askari akaanza kutaja jina lake, polepole, kwa sauti, ili safari hii nisikosee.