Mtaro wa Jirani Mkimbizi

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipojaa mjini, mama mmoja alipanga chumba nyuma ya kwetu, mtaa wa Buzebazeba, upande wa juu wa mteremko. Sikumwamini hata chembe. Akinisalimia namwitikia shingo upande, macho yangu mikononi mwake.

Asubuhi moja nikamkuta anachimba mtaro, unatoka kwake unapita nyuma ya chumba cha mama yangu.

"Unatafuta nini humo?"

"Nayatengenezea maji njia, dada. Mvua inakuja."

Mvua! Na jua lote lile! Nikajisemea, huyu anapima kiwanja. Leo mtaro, kesho ukuta, keshokutwa tunaitwa kwa mjumbe. Mama, aliyekuwa amepooza miguu, akaniambia, "Mwache. Watu wa milimani hao, mvua wanaijua." Wapi! Sikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Jirani alipokwenda sokoni, nikachukua jembe nikafukia upande wetu wote, nikaukanyaga kwa miguu.

Sisi tuna namna yetu. Mvua ikikubomolea, watu watakuja na masufuria na mikeka, wazee watasoma dua, na kabla ya Ijumaa nyingine ukuta umesimama. Najivunia hilo mpaka leo. Lakini sisi huja baada ya maafa. Mwenzetu kwao huanza kabla, na mimi huko kuanza kabla nilikuona wizi.

Siku ya tatu, alasiri, mvua ikashuka. Nilikuwa nimejibanza dukani niliposikia kishindo. Nikakimbia napiga yowe. Ukuta wa chumba cha mama ulikuwa umelala chini, maji yanapita juu yake, na yule mkimbizi anatoka na mama yangu mgongoni, kamfunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Mama alikuwa anatetemeka, lakini mzima. Nililia kwa sauti.

Kesho yake majirani wakajaa, na masufuria yao na dua zao. Yeye akaja na jembe. Akasimama pale nilipofukia.

"Nani alifukia?"

"Watoto hao," wakasema watu. Nami nikanyamaza, Mungu anisamehe.

Mama akainua kichwa mkekani. "Muulize binti yangu. Nililisikia jembe lake."

Nikachukua jembe nikaanza kuchimba. Yule mama alichimba nami mpaka mwisho, na muda wote hakuyaondoa macho mikononi mwangu.