Vitao Nilivyowafutisha

Miaka ya sabini nilifundisha hesabu katika shule moja ya harambee upande wa Tawa, na mimi mwenyewe sikuwa nimesomea ualimu. Nilimaliza kidato cha nne, kamati ya shule ikaniomba nishike chaki, nikashika. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Wako wengine wa aina yangu waliofundisha vizuri.

Bikari ya ubaoni hatukuwa nayo. Nilifunga chaki kwenye kamba ya katani, nikabana ncha ya pili kwa kidole gumba, nikazungusha. Siku ya kugawa pembe nusu mbili, vile vitao viwili, vipande vya duara vilivyoachwa na chaki, vilipokatana na mstari ukapita hapo hapo, hata wale wa nyuma waliinuka waone. Kisha nikachukua kitambaa nikafuta vitao vyote, ukabaki mstari peke yake.

"Mtu akimaliza nyumba," nikawaambia, "haachi miti ya kupandia ukutani."

Nao wakafuta. Raba walizikata kwenye slipasi kuukuu za mpira. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliwashinda wote. Alichonga penseli kwa wembe, akachora kwa mkono mwepesi, na akimaliza huoni bikari ilipita wapi. Daftari lake nililizungusha madarasani ili wengine waone kazi safi.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha pili yalipokuja, alikosa kidato cha tatu kwa alama chache. Kilichomwangusha ni hesabu, na ndiyo aliyoiweza.

Wiki hiyo walimu tulikuwa na mkutano Tawa. Wakati wa chai, mzee mmoja aliyekuwa amesahihisha ile mitihani akaanza kusimulia.

"Kuna shule huku wanafundisha uchawi. Pembe imegawanywa sawasawa, lakini bikari haijagusa karatasi."

"Labda wanapima kwa macho," mwingine akasema.

"Labda kwa malaika. Mimi napiga sifuri. Bila vitao nitajuaje hawakutumia protrakta ya kupimia pembe?"

Watu wakacheka. Nilicheka pia, tena kwa sauti, nisije nikaulizwa shule yangu ni ipi.

Siku ya pili yake baba wa yule msichana alikuja kwangu, yeye na binti. Mzee alikaa, binti alisimama karibu na mlango.

"Mwalimu, huyu arudie darasa ama akae nyumbani?"

"Arudie, mzee."

"Anayerudia ni aliyekosea kitu. Huyu alikosea nini?"

Binti akaniangalia. "Hata mimi nataka kujua, mwalimu. Ile ya pembe niliifanya vizuri. Nilifuta mpaka karatasi ikang'aa."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa sentensi moja tu.

"Mtihani ulikuwa mgumu," nikasema.

"Ulikuwa mgumu kwa wote na wengine wamepita. Basi ni kichwa."

"Kichwa anacho, mzee."

"Kiko wapi, na karatasi inasema hakipo?"

Mzee akanishukuru, ati nimejitahidi na mtoto wake, wakaenda. Binti hakurudi shuleni. Mwaka uliofuata aliolewa upande wa Mukuyuni.

Nataka kusema haki. Karatasi yake sikuiona. Pengine aliangukia maswali mengine pia. Pengine mzee alikuwa ameshaamua kabla hajabisha mlango wangu. Wala binti si wa kuhurumiwa: nasikia ana shamba zuri la ndengu, na akisimama kuongea kanisani watu humsikiliza. Hizo pengine zote nimezipima, na sizitupi. Lakini aliniuliza alikosea wapi, nami nilijua hakukosea, nikamwacha atoke akidhani ni kichwa chake. Hapo sina pengine ya kuweka.

Kidato cha pili kipya kilipoingia niligawa pembe ubaoni, na kitambaa sikukigusa. Mmoja aliyekuwa akirudia akainua mkono.

"Mwalimu, leo hatufuti?"

"Sheria imebadilika," nikamwambia.

Akaiandika hivyo kwenye daftari lake, na wengine wakaandika.