Eridadi na Mawe ya Bahari

Tangu aliporudi na shahada yake ya jiolojia mwaka 1964, Eridadi wa Karambi alijulikana kama mtu wa mawe. Wenzake walitafuta shaba; yeye alipanda milima ya Rwenzori kutafuta bahari. Huko juu aliona miamba myeusi yenye umbo la mito ya kulalia iliyorundikwa, na alijua lava huganda hivyo ikimwagika ndani ya maji. Basi hapo zamani palikuwa na bahari, nayo, aliamini Eridadi, ilizama chini ya bara.

Wapagazi walimteremshia vipande vikubwa. Akavipanga nyuma ya nyumba yake huko Bwera, chini ya milima, kila kimoja na mshale wa rangi nyekundu kuonyesha upande uliokuwa juu. Mkewe Kaswera, mzaliwa wa Butembo ng'ambo ya mpaka, Kongo, alianika kahawa kando ya mawe hayo. Binti yao mdogo Alisi aliyafanya viti vya wageni wake wa kubuni.

Mwaka 1969 akapata nafasi ya utafiti Japani, mahali ambapo sakafu ya bahari inaendelea kuzama hadi leo. Alijifunza kwamba mwamba unaozama hubeba maji, na maji hayo yakipenya miamba ya moto kule chini, huifanya iyeyuke na kuwa magma. Usingizi ulimpaa kwa furaha. Likizo ilipofika hakurudi nyumbani.

Alirudi mwaka 1971, na hata hapo alifuata mawe: profesa wake wa Japani alitaka vile vipande vikubwa. Alikuja kwa meli hadi Mombasa, treni hadi Kasese, kisha lori. Alipofika hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakuta patupu. Kaswera akatokea jikoni.

“Mama Alisi, mawe yangu iko wapi?”

Kaswera alifuta mikono yake kwa kanga. “Hata haujanisalimia.”

“Iko wapi?”

“Iko na Alisi.”

Alimfuata mkewe hadi ukingoni mwa shamba la kahawa. Pale palikuwa na kaburi fupi, udongo wake mbichi bado, limefunikwa kwa mawe meusi. Mishale myekundu ilielekea huku na huku.

“Ni surua,” Kaswera alisema. “Tulituma telegramu, lakini wewe ulikuwa mu meli. Mvua ilikuwa inakula udongo. Nikasema, mawe ya baba yake itamulinda.”

Eridadi akapiga magoti.

Siku zilizofuata Kaswera alimwambia achukue jiwe moja kwa ajili ya kazi yake, mutoto hatakasirika. Eridadi alikwenda, akaligusa moja, akarudi mikono mitupu. Japani hakurudi tena. Akawa mwalimu wa jiografia Bwera, na wanafunzi walipomwuliza kama Rwenzori iliwahi kuwa bahari, aliwaambia hajui.

Walijaliwa watoto wengine. Kaswera hakumkumbusha kamwe lile swali lake la kwanza kuhusu mawe, na ukimya huo ulimtafuna kuliko lawama. Mwaka 1978, wakichuma kahawa, Eridadi alijikaza.

“Mama Alisi, siku ile ilifaa nianze kumwulizia mutoto.”

Kaswera hakusimamisha mikono yake.

“Nilikusikia siku ile, Baba Alisi,” alisema, akasogea kwenye mti mwingine.