Mama Mkwe Anataka Tugawane Vidonge Vyangu

Mhariri, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, naishi Nyololo na mama mkwe wangu. Mume wangu yuko kwenye migodi ya dhahabu huko Makongolosi, huja mara moja moja. Nina mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka.

Nimechoka, wasomaji. Tangu niolewe nasumbuliwa na mkojo unaochoma. Unatoka chooni, hujafika mlangoni unarudi tena. Mama mkwe anaugua hivyo hivyo, na ndiye aliyenionea huruma nikiwa bibi harusi, akafungua pindo la kanga yake akanipa vidonge vyeupe alivyobakiza. Ndivyo tulivyoishi. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, akimpa mmoja wetu dawa, tunagawana. Maumivu yakipoa tunaacha, vinavyobaki vinarudi kwenye pindo. Mwanzoni vilitusaidia kweli. Siku hizi ni kama kumeza unga.

Safari hii nilipopata homa na maumivu ya kiuno, nilipanda lori hadi hospitali Iringa. Daktari, Mzungu kijana, alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Vijidudu vyako vimeizoea dawa ile," aliniambia. "Mmevionjesha kidogo kidogo. Vilivyo dhaifu vimekufa, vikali vimebaki vikazaana." Akanipa dawa mpya, nimeze yote hata nikijisikia mzima, nisimgawie mtu, la sivyo nayo itazoeleka. Ugonjwa ukipanda kwenye figo, mimba inaweza kutoka tena.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama yote. Akaguna. "Mwanangu, hapa kwetu tangu lini dawa ikawa ya mtu mmoja?" Nikamsihi twende wote Iringa apewe yake. "Mimi na uzee huu nikamweleze Mzungu kijana habari ya mkojo wangu? Bora nife nayo."

Tangu hapo hanisemeshi, na majirani wameshaambiwa nina roho mbaya. Inaniuma kwa sababu si mama mbaya. Mimba ya kwanza ilipotoka, yeye ndiye aliyeniogesha na kunifulia nguo zile.

Leo asubuhi ameniletea uji, akakaa kitandani kwangu huku ameshika tumbo chini ya kitovu. Akafungua pindo la kanga, likiwa tupu, akalitandaza mapajani akangoja. Nilimwambia naenda chooni, nikakaa huko hadi alipoondoka.

Kesho ataleta uji tena. Wenzangu, nishaurini: niweke nini kwenye pindo lile?