Mbuzi Aliyefungwa kwa Mnyororo wa Tela

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mguu wangu wa kulia unakanyaga breki wenyewe, nami nimekaa zangu kwenye kiti nakunywa chai. Mke wangu amekwisha kuzoea. Humwambia mgeni, "Usishtuke, anapita ule mteremko wake."

Nimesikia umenunua tela la kulala, lenye kitanda, meza na dirisha la pazia, na kwamba unataka kulivuta kutoka Mbeya mpaka Iringa pamoja na wanao. Nimefurahi kiasi cha kuvunja kikombe. Lakini kabla hujalifunga nyuma ya gari, kaa unisikilize. Katika Nyanda hizi zote za Juu hakuna mtu mweusi aliyevuta tela la namna hiyo kabla yangu, na kama alikuwapo, basi hakuwa na bibi kama wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Nilikuwa dereva wa bwana mmoja mpimaji wa ardhi, Mzungu mrefu aliyelala porini ndani ya tela la mbao lenye paa la bati jembamba. Aliporudi kwao aliniachia tela lile kuwa ahsante, pamoja na kitabu chake cha maelekezo. Nami nilikuwa nimetoka kuhitimu shule ya usiku, na cheti changu nilikitundika ukutani juu ya picha ya Bwana Yesu, mpaka katekista alipoingia akavibadilisha nafasi. Kile kitabu nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikajisemea nimeelewa. Katikati, mwanangu, ndiko walikoandika mambo.

Sasa Bibi. Bibi Sikujua, mama yake baba, ndiye aliyenilea hapa Uyole. Alikuwa Mhehe wa Kalenga aliyeolewa huku Mbeya kwa Wasafwa. Katika ndugu zake wote alibakiwa na kaka mmoja, Babu Mpogole, na walikuwa hawajaonana tangu mimi nikiwa natambaa. Bibi alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Kuketi juu ya lori siku nzima hakuweza tena. Ndipo likaja neno kutoka Kalenga: kaka yake anaumwa, anasema kama dada yake anataka kumwona, aje upesi.

Nilikwenda kwa padri nikaazima Landrova ya parokia kwa wiki mbili. Nikalifunga tela nyuma, nikatandika kitanda kilichokuwa upande wa mbele, nikamwita Bibi aone.

Wajua bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao. Alilizunguka na fimbo yake, akaligonga magurudumu, akasema, "Ee mume wangu! Wenzio waliniahidi nyumba hawakujenga. Wewe umeniletea yenye magurudumu, ili nikikuchoka niondoke nayo."

Asubuhi ya safari walikuja jirani kuaga. Mkono mtupu haulambwi, na watu wa Uyole hawajui kuaga kwa mikono mitupu. Huyu viazi, huyu maharage, huyu mkungu wa ndizi mrefu kuliko mimi. Mlango wa tela ulikuwa nyuma. Na kwa upande wa Bibi kulikuwa na desturi: zawadi ya safari huwekwa na mtoaji kwa mkono wake mwenyewe, na mpokeaji haisogezi mbele ya macho yake, asije akaonekana anaificha kwa kuwa ni ndogo. Basi kila mtu alikuja mlangoni, akatua mzigo pale pale mlangoni, akaondoka ameridhika. Nikaona vema. Kutoa ni moyo, na mioyo yote ya Uyole ikalundikana nyuma ya ekseli ya magurudumu.

Tulilala Ubaruku kwa Shangazi Eliza, binti ya mdogo wake Bibi, aliyekuwa na mashamba ya mpunga. Asubuhi alileta magunia mawili ya mchele, akayatua nayo pale pale mlangoni. Halafu akaleta mbuzi.

"Shangazi," nikasema, "mbuzi naye?"

"Mjomba Mpogole anywe mchuzi," akasema. "Au gari lako halili mbuzi?"

Kamba sikuwa nayo. Nikatazama huku na huku, nikauona mnyororo unaoning'inia shingoni mwa tela, ule unaoliunganisha na gari zaidi ya kile kikombe cha chuma kinachokaa juu ya tufe nyuma ya gari. Nikajiuliza moyoni: huu kazi yake nini? Kikombe kimekaa, komeo limefungwa. Nikaufungua ule mnyororo, nikamfungia mbuzi kwa ndani kwenye bawaba ya mlango, nyuma kabisa. Shangazi akanisifu kwa akili. Nami nikaipokea sifa ile na shukrani juu.

Bibi akapanda kitandani mwake ndani ya tela. Ndiyo, mwanangu, nilimpakia mtu ndani ya tela linalotembea. Usinitazame hivyo, bado sijamaliza kujitazama mwenyewe.

Tulikubaliana akitaka tusimame agonge sufuria. Hatujafika mbali akagonga. Nikasimama, nikaenda dirishani.

"Mume wangu, nyumba yako inatikisa kiuno."

"Ni barabara, Bibi. Ina mikunjo."

"Barabara nimelala juu yake tangu jana, naijua. Hiki ni kiuno."

Nikacheka. Nikamweleza, kwa ile sauti ya mtu mwenye cheti, habari za springi na mawimbi ya vumbi, mambo niliyoyatunga pale pale. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole, akasema, "Haya, mwalimu," akajifunika shuka. Usukani ulikuwa umekuwa mwepesi mikononi mwangu kama usukani wa gari la watoto la miti, nami nikadhani ni ufundi wangu.

Ulikuja mteremko mmoja mrefu, hatujaifikia Makambako. Tela likaanza kupeleka mkia kushoto, likarudi kulia, likaenda kushoto zaidi. Nami nikafanya lile jambo moja lisilofanywa: nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote na za marehemu babu zangu. Nikasikia *ta!* Gari likawa jepesi ghafla. Nikatazama kioo, nikaliona tela la Bibi linakwenda zake peke yake, limechagua njia yake, likapanda ukingo wa udongo mwekundu, likainama ubavu taratibu kama ng'ombe anayelala, likatulia.

Nilikimbia. Kilomita ngapi sijui. Kila nikisimulia zinaongezeka. Nikafika mlangoni nikaita, "Bibi! Bibi!" Mchele unamwagika polepole kwenye nyasi. Mlango umeng'oka na bawaba yake, na ndani nikasikia mbuzi analia, anaburuza mnyororo. Halafu sauti:

"Nimekufa?"

"Hujafa, Bibi!"

"Basi niondolee huyu mbuzi, amenikalia kifuani."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu nilikuwa mimi, nimekaa chini kwenye vumbi nalia huku nacheka.

Karibu na pale palikuwa na kambi ya watengeneza barabara. Nyapara wao, Mzee Asegelile, Mnyakyusa mfupi mwenye mabega mapana, alikuja na watu wake, wakamtoa Bibi, wakambeba juu ya mlango wa tela mpaka hemani. Mbavu zilikuwa zimeumia, na nyonga imeamka upya. Kisha wakaliinua tela likasimama. Mzee Asegelile akalizunguka mara moja, mikono nyuma. Alipofika kwa mbuzi akasimama, akauona ule mnyororo shingoni mwake.

"Huyu mbuzi alitaka kukimbia?"

"Hapana, mzee. Ni mpole."

"Na tela?"

Nikaitazama shingo ya tela, pale nilipoutoa mnyororo.

"Basi umemfunga asiyekimbia, ukamwacha anayekimbia."

Nimepigwa fimbo nyingi maishani, mwanangu, lakini ile haijapoa. Akaniambia niinue shingo ya tela. Nikaiinua kwa mkono mmoja, kwa maana mizigo yote ilikuwa nyuma inaibinua juu. "Unaona? Shingo inatakiwa iligandamize gari kidogo, uilalamikie kuinyanyua. Ikiwa nyepesi hivi, mkia ndio unaoendesha, wewe ni abiria."

Nikajitetea kwa desturi. Nikasema kwetu zawadi haisogezwi.

"Aliyekupa mchele," akauliza, "alitaka bibi yako aule au auogelee? Zawadi huheshimiwa kwa kufika. Na mtu ndani ya tela linalotembea! Mimi hata kuku nisingemweka."

Kutoka hemani Bibi akaita, kwa sauti ya kujibana mbavu, "Mzee mwenzangu, mpunguzie kidogo. Huyo ni mume wangu, nimekwisha kumzoea." Wale vibarua wakaangua kicheko, nami nikapata mahali pa kuvutia pumzi.

Siku mbili tulikaa kambini, mpaka Bibi alipoweza kuketi. Katika siku zile Mzee Asegelile alinifundisha yaliyokuwa katikati ya kitabu. Tulipanga magunia chini sakafuni, juu ya ekseli na mbele yake kidogo, vyepesi tu vikabaki nyuma. Tukaurudisha mnyororo mahali pake. Mbuzi, kwa hiari ya Bibi, tukawaachia vibarua wanywe mchuzi. Bibi tukamwekea godoro lililokunjwa kiti cha mbele cha Landrova, ubavuni kwangu, nami nikaendesha mwendo ambao wenye baiskeli walinisalimia wakinipita.

Tulifika Kalenga mchana wa siku ya tatu tangu tela lianguke. Babu Mpogole alikuwa hai. Bibi aliingia kwa fimbo, akakaa kando ya kitanda, akamshika mkono, akamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, kaka." Naye akamtazama muda mrefu, akatabasamu. Sauti ilikuwa imekwisha kuwa ndogo, ya kuinamia sikio. Walikaa hivyo siku nne. Alfajiri ya tano Babu Mpogole alituaga.

Baada ya maziko mkewe alinieleza, bila nia mbaya, kama watu wanavyosimulia habari za marehemu. Alisema kabla hatujafika mzee aliamka akapata nguvu kwa siku mbili. Alitoka nje akaketi juani, akala, akataniana na majirani, akasimulia utoto wake na dada yake, na kila lori lililopita akauliza, "Hao wamefika wapi?" Nikahesabu kwa vidole. Zilikuwa zile siku mbili za kambini.

Sikuweza kulificha. Nilimwambia Bibi. Akaunyoosha mguu wake mbaya, kisha akasema, "Mume wangu, hizo mbili usinihesabie. Zile nne, nani aliyenileta?" Hakulitaja tena mpaka alipokufa. Alinisamehe kabisa, nami namshukuru. Lakini kuhesabu bado nahesabu.

Tela lilipona. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nililivuta miaka mingi baadaye, na ndilo lililonifundisha mengine nitakayokuambia sasa. Kila usimamapo, gusa kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya kiganja. Kikikuunguza, beringi inalilia grisi, na ukiipuuza gurudumu litakupita barabarani, nimeliona kwa macho yangu na nikalipungia mkono. Tairi la tela huzeeka hata likikaa tu. Jua la kiangazi hulichana ubavuni, basi lifunike, na usilihukumu kwa meno yake. Paa likague kabla mvua za Mbeya hazijafika, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa tela ukioza huozea ndani, wewe unaona rangi nzuri tu. Kabla hujalifungua kwenye gari, weka mawe chini ya magurudumu. Na likianza kutikisa kiuno, usikanyage breki kwa hasira. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, liache lipungue lenyewe, kisha simama uangalie mizigo. Mtu aliye nyuma akikuambia kuna kitu, hata kama hajui jina la chombo hata kimoja, shuka ukaangalie. Na wanao uwaweke garini pamoja nawe, wote, hata wakilia kwamba kitanda kipo.

Lakini neno langu kubwa ni hili. Utakapoondoka, watu watakupa vitu. Pokea, mwanangu, usimrudishie mtu moyo wake. Ila uvipange yeye akiwa anaona, umwambie, "Naweka huku ili kifike." Hatanuna. Mimi niliogopa kumuudhi Shangazi Eliza kwa kuyasogeza magunia yake, nikaenda kumnyang'anya Bibi siku mbili za kaka yake. Mbao zinapatikana, bati linapatikana, hata mbuzi anapatikana. Siku ya mtu anayekungoja haina fundi.

Nenda basi polepole. Mungu aishike shingo ya tela lako kwenye kila mteremko, awape wanao usingizi mwema huko mtakakolala, na akufikishe mapema, uwakute wanaokungoja wakiwa bado wameketi nje, juani, sauti zao zikiwa kubwa.